Leza katika tiba ya meno, na mahali ambapo ningeipeleka kwanza

Wagonjwa wanaokuja kwangu siku hizi huuliza habari za leza kabla hawajafungua kinywa. Wengine wameona tangazo kwenye simu, wengine wamesimuliwa na ndugu aliyetibiwa Dubai au Mumbai, na karibu wote wanauliza jambo moja kwa maneno tofauti: je, ipo njia ya kutibiwa jino bila ile mashine inayolia na bila sindano ya ganzi? Ni swali la haki kabisa, kwa sababu hofu ya mashine na ya sindano ndiyo inayowafanya watu wengi wakae na jino lililotoboka mpaka tiba iliyobaki iwe ni kuling'oa. Mimi ni daktari wa kinywa na meno, na nimeona nilijibu kwa maandishi marefu, kwa kuwa jibu la ndiyo au hapana lingempotosha muulizaji. Leza ipo, inatibu, na baadhi ya kazi inazifanya vizuri kuliko chombo kingine chochote tulicho nacho. Lakini kazi hizo si zile zinazotangazwa zaidi, na ile ambayo mimi ningeipa leza kwanza katika hospitali zetu ni moja ambayo wagonjwa wengi hawajawahi kuisikia.

Nianze kwa kuondoa mambo mawili yanayochanganywa na leza. Ule mwanga wa bluu unaomulikwa juu ya jino baada ya kuzibwa, huku msaidizi ameshika kioo cha rangi ya chungwa, si leza. Kwa kawaida ni taa ya LED yenye mwanga wa karibu nanomita 470, na kazi yake ni kuigandisha kwa sekunde chache ile dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino. Wapo watu wanaoamini kwamba wamekwisha kutibiwa kwa leza kumbe walimulikwa taa hiyo. Jambo la pili ni hofu ya mionzi. Kwa kuwa tumezoea kusema mionzi ya leza, mama anayemleta mtoto hudhani kuwa ni jamaa ya eksirei na kwamba inaweza kuleta saratani. Mwanga wa leza zinazotumika kwenye meno ni ule unaoonekana kwa macho au wa infraredi, ambao hauna nguvu ya kuvunja vinasaba vya seli kama eksirei inavyoweza. Hatari zake ni nyingine, nazo nitazieleza, maana zipo.

Leza ya kwanza duniani iliwashwa na mwanafizikia Theodore Maiman tarehe 16 Mei 1960, katika maabara ya kampuni ya Hughes huko Malibu, California, kwa kutumia fimbo ya yakuti. Madaktari wa meno hawakusubiri. Miaka mitatu tu kabla ya hapo, mwaka 1957, ilikuwa imeingia sokoni mashine ya kuchonga meno inayoendeshwa kwa hewa, ambayo ncha yake ilizunguka kwa kasi ya mizunguko 300,000 hivi kwa dakika, na sauti yake kali ndiyo hiyo ambayo mpaka leo inawatoa watu jasho wakiwa bado kwenye chumba cha kusubiri. Kwa hiyo mwanga uliokuwa na uwezo wa kukata bila kugusa ulionekana kama jibu la moja kwa moja. Mwaka 1964 Ralph Stern na Reidar Sognnaes wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliipiga enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, kwa leza ya yakuti na kuona kwamba inayeyuka na kugeuka kama kioo. Mwaka uliofuata Leon Goldman, daktari wa ngozi wa Cincinnati, alitoa taarifa ya kulipiga kwa leza hiyo jino la mtu aliye hai, ambaye alikuwa ndugu yake mwenyewe, naye ni daktari wa meno. Ndugu huyo hakusikia maumivu, na jino likapata madhara ya juu juu tu.

Taarifa hiyo ilitia moyo, lakini joto likawa kikwazo. Mwaka huohuo wa 1965 watafiti Leo Zach na Gerson Cohen walipasha joto meno ya nyani na kuonyesha kwamba kiini cha jino, yaani ile sehemu ya ndani yenye damu na mishipa ya fahamu, kikipanda joto kwa nyuzi 5.5 za Selsiasi tu, takriban asilimia 15 ya meno hayo hayapati nafuu tena. Hicho ni kiwango kidogo sana cha joto, na leza ya yakuti haikuweza kuchimba jino bila kukipita. Kipimo hicho cha nyuzi 5.5 bado tunakitumia leo kuhukumia kila kifaa kipya kinachotaka kuligusa jino lililo hai, na ndicho kilichoizuia leza isiingie kwenye kiti cha daktari wa meno kwa karibu miaka 25.

Kilichofungua njia ni kuelewa kwamba hakuna leza moja. Kila aina hutoa mwanga wa urefu wake wa wimbi, na kila urefu wa wimbi hufyonzwa na kitu tofauti mwilini. Leza ya diodi, yenye nanomita 810 mpaka 980, hufyonzwa na rangi, yaani melanini ya fizi na himoglobini ya damu. Leza ya Nd:YAG, yenye nanomita 1,064, tabia yake inakaribiana na hiyo, na ndiyo iliyotengenezwa mahususi kwa meno na Terry Myers, daktari wa meno wa Michigan, kisha ikaruhusiwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, mwaka 1990 kwa kazi za fizi. Leza ya kaboni dioksidi, yenye nanomita 10,600, hufyonzwa sana na maji na hukata nyama laini karibu bila damu. Mgonjwa anayeambiwa kuwa kliniki ina leza anapaswa kuuliza ni leza ya aina gani, kwa sababu yenye uwezo wa kukata fizi vizuri inaweza isiwe na uwezo wowote wa kuchimba jino, na akijaribu mtu kuitumia hivyo atakipika kiini.

Leza inayotumika zaidi kuchimba jino ni ya erbiamu. Mwaka 1989 Raimund Hibst na Ulrich Keller wa Ulm, Ujerumani, walichapisha matokeo ya kuchimba enameli na dentini, yaani tabaka lililo chini ya enameli, kwa leza ya erbiamu iitwayo Er:YAG, yenye nanomita 2,940, na mwaka 1997 FDA ikairuhusu kuondoa sehemu zilizooza za jino na kuandaa tundu la kuziba. Urefu huo wa wimbi unaangukia pale hasa ambapo maji hufyonza mwanga kwa nguvu zaidi. Enameli ni tishu ngumu kuliko zote mwilini, asilimia 96 hivi ya uzito wake ni madini, lakini ndani ya madini hayo yamenaswa maji kidogo. Pigo la leza, linalodumu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, huyageuza maji hayo kuwa mvuke ghafla, na mvuke ukikosa pa kupita hulipasua tabaka jembamba la jino kutoka ndani, jinsi punje ya bisi inavyopasuka kwenye sufuria. Joto huondoka na chembe zinazoruka, na mnyunyizo wa maji unaoambatana na mwanga hupoza kinachobaki. Mnyunyizo huo ni sehemu ya tiba yenyewe; ukikatika, leza inapaswa kuzimwa hapohapo.

Uzuri mwingine wa njia hii ni kwamba sehemu iliyooza ina maji mengi kuliko sehemu nzima, hivyo hupasuka kwa urahisi zaidi, na daktari mwenye mkono mwangalifu anaweza kuondoa uozo na kuacha jino zima kwa kiasi kikubwa. Hakuna mtetemo. Wagonjwa wengi wanavumilia bila ganzi, hasa tundu likiwa dogo. Lakini anayetarajia ukimya atashangaa, kwa kuwa kila pigo lina mlio wake na mapigo yakifuatana husikika kama kitu kinachopasukapasuka karibu na sikio. Anayetarajia kasi pia atashangaa, kwa sababu kwenye enameli nzima mashine ya kawaida inaishinda leza kwa mbali. Haiwezi kuondoa zibo la zamani la madini ya fedha, ambalo huakisi mwanga na likipata joto hutoa mvuke wa zebaki. Kuchonga jino kwa ajili ya kofia bado ni kazi ya mashine. Kwa hiyo hata kliniki yenye leza ya bei kubwa kabisa hutaikuta imeitupa mashine yake, na tangazo linalosema vinginevyo halisemi kweli.

Kuhusu ushahidi, mwaka 2016 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulichapisha mapitio ya majaribio 9 yenye washiriki 662, watoto na watu wazima, yaliyolinganisha leza na mashine katika kuondoa uozo. Hawakupata tofauti ya kuaminika katika jinsi uozo ulivyoondolewa wala katika jinsi mazibo yalivyodumu, na ubora wa majaribio yenyewe ulikuwa wa chini. Walichokiona kikielekea upande wa leza ni maumivu kuwa machache na mahitaji ya ganzi kupungua. Mimi nayachukulia matokeo hayo kwa uzito wake: kumpunguzia mtoto maumivu si jambo dogo, kwa sababu mtoto aliyeumizwa mara ya kwanza huenda asirudi tena mpaka awe mtu mzima mwenye jipu. Lakini kifaa cha erbiamu kinagharimu makumi ya maelfu ya dola, kinahitaji umeme usioyumba, maji safi, na fundi anayekijua, na katika Kanda ya Afrika, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, kuna daktari wa meno pungufu ya mmoja kwa kila watu 10,000. Kifaa cha namna hiyo kitaishia mjini, na mjini kitaishia kwa mwenye nacho.

Ndipo ninapowakumbusha wenzangu jambo ambalo hata wanafunzi wetu hawalijui vya kutosha, kwamba jibu lingine la hofu ya mashine lilianzia hapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa afya ya kinywa ya jamii wa shule ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kuondoa uozo kwa zana za mkono peke yake, bila umeme wala mashine, na mara nyingi bila ganzi, kisha kuliziba tundu kwa dawa inayoshika yenyewe kwenye jino. Baadaye dawa hiyo ikawa glasi ayonoma, ambayo hutoa floraidi polepole. Njia hiyo ilijaribiwa Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipotengwa kwa ajili ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu. Inajulikana kwa kifupi chake cha ART. Zibo lake hudumu vizuri kwenye tundu la upande mmoja wa jino. Kwenye matundu yanayokula pande mbili za jino la utotoni halidumu sana, na ni lazima tuliseme hilo. Mwaka 2021 glasi ayonoma, pamoja na ile dawa ya kupaka yenye fedha na floraidi inayosimamisha uozo, viliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mtoto wa Kishapu au wa Lindi anaweza kutibiwa kwa vitu hivyo akiwa ameketi kwenye benchi la shule, na hatasikia mlio wowote.

Kwa sababu hiyo siwezi kusema kwamba kuchimba matundu ndiyo kazi ambayo nchi yetu inaihitaji zaidi kutoka kwa leza. Fizi ni habari nyingine. Hapa leza, hata ile ndogo ya diodi inayouzwa kwa maelfu machache ya dola na kutosha kwenye begi, inafanya mambo ambayo kisu hakiyafanyi. Inakata huku ikiziba mishipa midogo ya damu, hivyo daktari anaona anachokifanya na mara nyingi hahitaji kushona. Mtoto aliyezaliwa na ukano mfupi chini ya ulimi, ambao kweli unamzuia kunyonya, anaweza kufunguliwa kwa dakika chache. Fizi zilizovimba na kufunika meno kwa sababu ya baadhi ya dawa za kifafa au za shinikizo la damu zinaweza kupunguzwa na mgonjwa akaenda nyumbani bila kutokwa na damu usiku. Kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, jambo hilo ni la maana kubwa, ingawa bado daktari anapaswa kuwasiliana na mwenzake wa moyo kabla ya kugusa chochote.

Lakini diodi ina tabia inayotuhusu sisi zaidi kuliko waliokitengeneza kifaa. Nimesema kwamba mwanga wake hufyonzwa na melanini. Fizi za Waafrika wengi zina melanini nyingi, na huo ni uzima wala si ugonjwa. Maana yake ni kwamba nguvu iliyopangwa kwenye kitabu cha maelekezo kwa fizi za rangi ya waridi inaweza kuwa kubwa mno kwa fizi nyeusi, ambazo zitapokea joto zaidi kwa sekunde ileile. Daktari anapaswa kuanza chini, kupeleka mwanga kwa mapigo badala ya mfululizo, kuisogeza ncha bila kuituliza mahali pamoja, na kuipa tishu nafasi ya kupoa. Amewahi kunijia mgonjwa ambaye fizi yake ilikuwa imekufa na kuwa nyeupe kando ya jino la mbele baada ya kutibiwa kwa diodi mahali pengine, na mfupa chini yake ukaonekana. Alipona, lakini fizi haikurudi ilipokuwa. Mafunzo ya siku mbili hotelini, yanayotolewa na muuzaji wa kifaa, hayatoshi kumpa mtu ruhusa ya kuishika leza ya daraja la 4, na ningependa mabaraza yetu ya taaluma yaliseme hilo kwa sauti.

Daraja la 4 ndilo la juu kabisa katika upangaji wa hatari za leza, na karibu leza zote za upasuaji wa kinywa ziko humo. Mwanga wa diodi na wa Nd:YAG hupenya jicho mpaka kwenye retina, tena hauonekani, kwa hiyo mtu hafumbi jicho kwa kushtuka kama anavyofanya akimulikwa na kurunzi. Mwanga wa erbiamu na wa kaboni dioksidi huishia kwenye sehemu ya mbele ya jicho na kuiunguza. Miwani ya kinga ni lazima kwa daktari, kwa msaidizi, kwa mgonjwa, na kwa mzazi aliyesimama pembeni, na iwe ni ya urefu wa wimbi unaotumika siku hiyo. Miwani ya diodi haimkingi mtu na erbiamu. Moshi unaotoka kwenye tishu inayoungua unaweza kubeba chembe za virusi, vikiwemo vya HPV, hivyo lazima uvutwe na mashine ya kufyonza iliyo karibu na jeraha. Ukiingia chumba ambacho hakuna aliyevaa miwani huku leza imewashwa, toka.

Nimetaja fizi nyeusi, na siwezi kupita bila kusema neno kuhusu huduma inayokuja kwa kasi kutoka Asia na nchi za Ghuba, ya kuzing'arisha fizi kwa leza ili ziwe za waridi. Kitaalamu inawezekana: tabaka la juu lenye melanini huondolewa, na jeraha hupona kwa wiki chache, ingawa mara nyingi rangi hurudi baada ya muda. Ninachokipinga ni kuwaambia vijana wetu kwamba fizi zao ni chafu au zinaumwa. Mtu mzima akitaka kubadili sura yake ni hiari yake, lakini aelezwe kwanza kwamba hana tatizo, na kwamba fizi nyembamba iliyokwanguliwa kwa joto inaweza kujivuta na kuacha mzizi wa jino wazi.

Huduma inayotangazwa zaidi kuliko zote, hata hivyo, ni kung'arisha meno kwa leza. Kinachoyang'arisha meno ni haidrojeni peroksaidi iliyomo kwenye dawa ya kupaka. Mwanga huongeza joto na kuharakisha kidogo kinachotokea, na majaribio hayakuonyesha kwamba meno yaliyomulikwa yanabaki meupe kuliko yale yaliyopakwa dawa ileile bila mwanga. Mgonjwa analipa zaidi, na mara nyingi anaondoka na ganzi ya meno, ile ya kushtuka kwa maji ya baridi. Kwa watu wa Arusha, Meru na maeneo mengi ya Bonde la Ufa jambo hili lina uchungu wake. Meno ya kahawia waliyo nayo wengi wao yametokana na floraidi nyingi iliyomo katika maji ya kunywa wakati meno yalipokuwa yakijengeka utotoni, na kwa sehemu fulani magadi ya kupikia nayo yamechangia. Rangi hiyo imo ndani ya enameli yenyewe. Nimewaona vijana waliokusanya mshahara wa miezi wakaenda kung'arishwa kwa leza, wakarudi na madoa yao, tena yakionekana zaidi kwa kuwa jino lililoyazunguka limekuwa jeupe. Madoa ya wastani yanaweza kusaidiwa kwa kusugua tabaka jembamba la juu kwa asidi na unga laini, kazi ya kliniki isiyohitaji leza, na yale mazito hufunikwa kwa dawa yenye rangi ya jino. Tiba iliyo kubwa kuliko hizo ni maji. Kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi ya kuondoa floraidi kwenye maji kwa makaa ya mifupa, na kila kijiji kinachopata maji hayo kinalea watoto ambao hawatahitaji kunitafuta kwa ajili ya madoa.

Kwa ugonjwa wa fizi unaolegeza meno, leza imepewa sifa nyingi, na huko Marekani ipo njia ya Nd:YAG iliyoruhusiwa rasmi kwa kazi hiyo. Jopo la wataalamu wa fizi wa nchi hiyo lilipoupima ushahidi mwaka 2018 halikuona kwamba leza inaongeza faida kubwa juu ya usafishaji wa kina wa mizizi kwa zana za kawaida. Katika kutibu mzizi wa jino, leza ya erbiamu inasaidia kuyatikisa maji ya kusafishia yafike kwenye vijia ambavyo sindano haivifikii, na hapo nina matumaini zaidi. Lakini hayo yote yanaweza kusubiri.

Kazi ambayo haipaswi kusubiri inahusu wagonjwa wa saratani. Mtu anayepigwa mionzi ya tiba kwa saratani ya kinywa au ya koo, au mtoto anayepewa dawa kali za saratani, hupata vidonda vya utando wa kinywa. Siyasemi haya kwa wepesi, kwa maana nimewaangalia. Utando wote wa ndani ya mashavu, ulimi na koo huchubuka, na mgonjwa hawezi kumeza hata mate yake. Anaacha uji, anaacha maji, anakonda, na mara nyingine tiba ya saratani yenyewe inabidi isimamishwe kwa siku kadhaa, jambo linalopunguza uwezekano wa kupona. Madaktari wa meno wa Afrika Mashariki wanawajua watoto wenye uvimbe wa Burkitt, saratani ambayo Denis Burkitt aliieleza kutoka Uganda mwaka 1958, kwa kuwa mara nyingi dalili ya kwanza ni meno ya mtoto kulegea na taya kuvimba. Methotreksati, mojawapo ya dawa zinazotumika kuitibu, ni maarufu kwa kuchubua kinywa.

Mwaka 1967, huko Budapest, daktari wa upasuaji Endre Mester alikuwa akiwamulika panya kwa leza dhaifu ya yakuti aliyotarajia iathiri uvimbe. Uvimbe haukutikisika, lakini nywele za panya zilirudi kuota haraka zaidi pale alipomulika. Kutoka hapo likazaliwa tawi la tiba linalotumia mwanga usiokata wala kuunguza, wenye nguvu ndogo mno hata mgonjwa hasikii joto, ili kuzichochea seli zijijenge na kupunguza uvimbe na maumivu. Tawi hilo limebeba madai mengi yasiyothibitika, lakini kwa vidonda vya kinywa vya wagonjwa wa saratani ushahidi umekusanyika vizuri. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa huduma saidizi kwa wagonjwa wa saratani kinapendekeza kumulika kinywa kwa mwanga huo ili kuzuia vidonda kwa watu wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo na kwa wanaopandikizwa uboho, na mwaka 2018 NICE, taasisi ya Uingereza inayotathmini tiba, iliona kwamba ushahidi unatosha tiba hiyo itumike chini ya taratibu za kawaida za hospitali.

Kifaa chenyewe ni kidogo, hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 630 mpaka 660 hivi au wa infraredi, na hakihitaji chumba cha upasuaji. Muuguzi au tabibu wa kinywa na meno aliyefunzwa anaweza kummulika mgonjwa sehemu kwa sehemu, mashavu, midomo, pande za ulimi na sakafu ya kinywa, kabla hajaingia kwenye mashine ya mionzi, na kazi ikaisha kwa dakika chache. Miwani inavaliwa kama kwa leza nyingine. Uvimbe wenyewe haumulikwi moja kwa moja, na kipimo cha nishati kwa kila sehemu lazima kiandikwe kwenye jalada kama dozi ya dawa inavyoandikwa, kwa sababu kikizidi au kikipungua faida hupotea. Tiba ya mionzi inatolewa katika hospitali kama Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza, na huko ndiko ambako ningependa kila mgonjwa wa kichwa na shingo apitie kwa mtu wa meno kabla ya siku ya kwanza ya mionzi: meno mabovu yatolewe mapema yapate muda wa kupona, floraidi ipakwe, na ratiba ya kumulikwa ianze pamoja na ratiba ya mionzi. Nikiulizwa na mkurugenzi wa hospitali ya umma ni leza gani anunue kwa fedha aliyo nayo, nitamwambia anunue hiyo, awafunze watu wawili wa zamu tofauti ili mmoja akiwa likizo kazi isisimame, na atenge fedha ya kukipima upya kifaa kila mwaka.